Porsche: kwa nini 911 haikufa, na magari mengine ya kampuni hii yanaingia wapi?

Mwana_wa_Naivasha aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba msaada wa wale walioisoma historia ya magari haya, au walioyafungua kwa mikono yao. Marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia kwamba wakati wa mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka 1978 alisimama kando ya barabara ya murram pamoja na nusu ya kijiji, akaliona gari dogo jeupe lenye mistari ya buluu na nyekundu likipita huku likirusha matope, na kwamba mlio wake uliwafikia kabla hawajaliona. Lilikuwa Porsche. Mpaka alipofariki, hakuna gari lingine alilolitaja kwa jina mara nyingi kama hilo.

Leo, nikiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way, jina hilohilo huliona nyuma ya magari makubwa ya familia, Cayenne na Macan, ambayo hayafanani hata kidogo na lile alilonieleza baba. Binti yangu, aliye katika kidato cha tatu, aliniuliza wiki iliyopita kama hii ni kampuni ya magari ya mbio au ya magari ya kupeleka watoto shuleni, nikakosa jibu. Nimejaribu kusoma mwenyewe, lakini namba zimenichanganya: 356, 911, 924, 928, 944, 959, 964, 993, 996. Baadhi yake ni majina ya magari, na nyingine zinaonekana kuwa za gari lilelile. Ninaomba mnieleze kampuni hii ilianzaje, kwa nini 911 imedumu ilhali nyingine zimekuja na kuondoka, na lile gari la mwaka 1978 lilikuwa lipi hasa.

MsomaMagari alijibu:

Bwana Mwana wa Naivasha, nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu namba hizo haziwezi kueleweka mtu asipoanzia ofisini zilikozaliwa.

Ferdinand Porsche alizaliwa mwaka 1875 katika Bohemia, eneo ambalo leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Alitumikia makampuni mbalimbali ya magari ya Austria na Ujerumani, kisha mwaka 1931 akafungua ofisi yake mwenyewe ya uhandisi mjini Stuttgart. Ofisi hiyo haikuuza magari bali iliuza michoro na akili. Kazi yake ya kwanza ilipewa namba 7, ili mteja asidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi, na kuanzia hapo kila mradi ukapata namba yake. Hivyo 356 si ukubwa wa injini wala idadi ya farasi. Ni mradi namba 356 katika daftari. Mradi uliowapa umaarufu ulikuwa Volkswagen, gari la wananchi, waliolichora kwa agizo la serikali ya Hitler katika miaka ya 1930, na hilo ni jambo ambalo msomaji mkweli hapaswi kuliruka.

Vita vilipokwisha, Ferdinand alikamatwa na Wafaransa na kuzuiliwa, hivyo mwanawe, Ferry, akabaki na kundi dogo la mafundi katika kijiji cha Gmünd nchini Austria, ambako karakana yao ilikuwa katika majengo ya kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao. Hapo ndipo mwezi Juni 1948 gari la kwanza lenye jina Porsche, yaani 356, liliposajiliwa. Liliundwa kwa vipuri vingi vya Volkswagen, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 35 tu, lakini kwa kuwa lilikuwa jepesi sana na bodi yake ilipasua hewa vizuri, liliweza kufika kilomita 135 kwa saa. Walipounda magari kama hamsini hivi huko Gmünd, walirudi Stuttgart mwaka 1950, katika mtaa wa Zuffenhausen, ambako makao makuu yapo hadi leo. Gari hilo la 356 liliundwa hadi mwaka 1965, na jumla yake ilifikia takriban 76,000.

Mrithi wake alionyeshwa Frankfurt mwezi Septemba 1963 kwa jina la 901. Peugeot wakalalamika kwamba wao ndio wenye haki nchini Ufaransa ya kutumia majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, kwa hiyo sifuri ikabadilishwa ikawa moja, likawa 911. Umbo lake lilichorwa na Ferdinand Alexander, mwana wa Ferry. Ilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye silinda sita na nguvu za farasi 130, na injini hiyo ilikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaounganisha magurudumu ya nyuma. Ukiweka picha ya gari hilo kando ya 911 inayouzwa leo, utaona mstari uleule wa paa unaoteremka hadi mkiani.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Katika miaka ya 1970 viongozi wa kampuni waliamini kwamba 911 ilikuwa karibu na kaburi. Injini iliyopozwa kwa hewa ilipiga kelele, sheria za Marekani kuhusu moshi na usalama zilikuwa zikikaza, na gari lenyewe lilimtaka dereva awe mwangalifu. Kwa hiyo wakaunda warithi. Wa kwanza alikuwa 924, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa na injini ya silinda nne mbele na giaboksi nyuma. Mradi huo walikuwa wamewafanyia Volkswagen, ambao waliuacha, Porsche wakaununua wakauza gari hilo kwa jina lao. Mwaka 1977 ikafuata 928, gari la kifahari lenye injini ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) inayopozwa kwa maji, ambalo mwaka 1978 lilipata tuzo ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hiyo ndiyo iliyokusudiwa kukaa kwenye kiti cha 911. Mwaka 1982 ikaja 944, iliyojaza nafasi kati ya hizo mbili.

Magari hayo matatu yalikuwa mazuri kweli, lakini wateja waliendelea kuidai 911. Mwaka 1981 uongozi wa kampuni ulichukuliwa na Peter Schutz, Mjerumani aliyekulia Marekani, na inasimuliwa kwamba aliingia katika ofisi ya mhandisi mkuu, Helmuth Bott, akaona ukutani chati ya mipango ya kila gari: mstari wa 928 uliendelea, wa 944 uliendelea, wa 911 ulikoma mwaka huohuo. Akachukua kalamu, akaurefusha mstari wa 911 mpaka ukatoka kwenye karatasi na kuingia ukutani. 928 na 968, ambayo ilikuwa mtoto wa mwisho wa ukoo wa 944, zilisimamishwa mwaka 1995, na 911 ikabaki.

Zile namba nyingine zilizokuchanganya, yaani 964, 993 na 996, ni majina ya ndani ya kiwanda kwa vizazi vya 911 yenyewe. 964 ilitoka mwaka 1989, 993 ikatoka mwaka 1993, na 996 mwaka 1997. Baadaye zikafuata 997, 991 na 992. Dukani zote huitwa 911. Ile 959 ni jambo la pekee: ni gari la miaka ya 1980 lililounganisha tabo (turbo) mbili, yaani vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi, na nguvu za magurudumu manne, likashinda mbio za Paris hadi Dakar mwaka 1986, na kazi yake kubwa ilikuwa kuifundisha 911 mambo ambayo ingeyatumia miaka mingi baadaye.

Fundi_wa_Boksa alijibu:

Ninamshukuru MsomaMagari kwa maelezo yake, lakini kuna jambo aliloliruka ambalo kwangu mimi ni kubwa. Gari lile la kwanza la mwaka 1948 halikuwa na injini nyuma ya ekseli. Injini yake ilikaa katikati, mbele ya ekseli ya nyuma. Magari yaliyofuata ndiyo yaliyorudishiwa mpangilio wa Volkswagen, kwa sababu ulikuwa rahisi kuunda na uliacha nafasi ya viti vidogo na mizigo nyuma ya dereva. Ninalisema hili kwa sababu Boxster, gari dogo la Porsche la mwaka 1996 lenye injini katikati, watu huiita uzushi, ilhali ndiyo iliyorudi kwenye wazo la mwanzo kabisa.

Nimefanya kazi ya kufungua injini kwa zaidi ya miaka ishirini katika gereji za Eneo la Viwanda, na ningependa binti yako aelewe kwa nini watu huipenda injini ya 911, iitwayo boksa. Katika injini ya kawaida pistoni husimama wima na kupanda na kushuka. Katika injini ya boksa hulala chini, tatu upande huu na tatu upande ule, na kila jozi hutoka na kurudi kwa pamoja kama mabondia wanaogonganisha ngumi. Kwa kuwa mwendo wa upande mmoja hufutwa na mwendo wa upande wa pili, injini haitetemeki sana, na kwa kuwa imelala, uzito wake hukaa chini karibu na barabara. Hadi 993, haikuwa na rejeta wala maji. Feni kubwa ilipuliza hewa kwenye mapezi ya silinda, na oili nyingi iliyohifadhiwa katika tangi la pembeni ilibeba joto lililobaki. Mlio ule aliousikia marehemu baba yako kabla ya kuliona gari, kwa sehemu kubwa ndio huo: feni, na silinda zisizokuwa na koti la maji la kuumeza mlio.

Kuhusu uzito kukaa nyuma, nitasema ukweli wote. Dereva akiingia kwenye kona kwa kasi kisha akaondoa mguu kwenye mafuta ghafla, uzito huhamia mbele, magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko, na mkia hutaka kutangulia. Katika miaka ya mwanzo kiwanda kilijaribu kulitibu jambo hili kwa kuficha vipande vya chuma ndani ya bampa ya mbele. Kwa magari ya mwaka 1969 kikasogeza magurudumu ya nyuma kwa milimita 57, na gari likatulia zaidi. Ile 911 Turbo iliyoingia sokoni mwaka 1975 ikiwa na nguvu za farasi 260 ilirudisha hatari kwa njia nyingine, kwa sababu tabo ilichelewa kuamka na kisha iliamka yote kwa mara moja, pengine dereva akiwa katikati ya kona. Mimi sioni kwamba hili lilikuwa wazo zuri la uhandisi tangu mwanzo. Ninachokiheshimu ni kwamba wahandisi walikaa na kasoro moja kwa miaka sitini, wakaifahamu kuliko mtu yeyote duniani anavyoifahamu, mpaka wakaigeuza kuwa faida: gari linapoondoka, uzito hukandamiza magurudumu yanayosukuma, na linapofunga breki, magurudumu ya nyuma hufanya sehemu yake ya kazi badala ya kuelea.

Maji yaliingia mwaka 1997 kwa kizazi cha 996, kwa sababu vichwa vya silinda vyenye vali nne kwa kila silinda (vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi) haviwezi kupozwa vizuri kwa hewa pekee, na bila vali hizo isingewezekana kutimiza sheria za moshi na kelele. Wapenzi wa zamani waliomboleza. Kwa yeyote anayekusudia kununua 996 au Boxster ya kwanza iliyoko hapa nchini, ushauri wangu ni mmoja: injini nyingi za kizazi hicho zina beringi moja ya shafti ya kati ambayo ikiharibika huiangamiza injini yote, kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua chujio la oili na ulikague kwa taa kali. Ukiona chembe za chuma, mshukuru muuzaji na uende zako.

Mzee_wa_Ngara alijibu:

Kijana wangu, mimi nilikuwepo, na nimefurahi kwamba baba yako alikusimulia. Porsche walileta magari mawili ya kiwanda katika Safari ya mwaka 1978, yote aina ya 911 SC yenye injini ya lita 3.0. Yaliinuliwa juu sana kuliko 911 ya barabarani, yakavishwa mabamba ya kuyakinga chini, na yakapakwa rangi za mdhamini wao, zile za mistari uliyoitaja. Moja liliendeshwa na Björn Waldegård wa Uswidi, na la pili na Vic Preston Mdogo, mwana wa hapahapa Kenya. Waldegård alipata tatizo la springi na mikono ya magurudumu ya nyuma, akamaliza wa nne. Preston akamaliza wa pili, nyuma ya Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa aliyekuwa na Peugeot 504.

Sisi tuliokuwa tukingoja magari yarudi mjini tuliumia kidogo, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili kwa 911, nyuma ya Hannu Mikkola. Mwaka 1974 Waldegård alimaliza wa pili kwa 911, nyuma ya Joginder Singh wetu na Mitsubishi Lancer yake. Hivyo kampuni ambayo imeshinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa mara 19, na Dakar pia, haikupata kamwe kuishinda Safari ilipokuwa safari kweli, ya siku nyingi na maelfu ya kilomita, yenye mito iliyofurika, ng'ombe barabarani na watu wasiojua kwamba mashindano yanapita. Jambo hili linanipa fahari na huzuni kwa wakati mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Mashindano haya yalianza mwaka 1953, na yale ya mwaka 1954 yalishindwa na Vic Preston Mkubwa, baba yake yule wa mwaka 1978, akiendesha Volkswagen ya mgongo wa duara. MsomaMagari amekueleza ni nani aliyelichora gari hilo. Kwa hiyo baba alishinda kwa gari la Ferdinand Porsche mwenyewe, na mwana, miaka 24 baadaye, akakaribia kushinda kwa gari lenye jina lake. Sababu za magari yote mawili kuyaweza matope yetu zilikuwa zilezile alizozitaja Fundi: uzito juu ya magurudumu yanayosukuma, na kutokuwepo kwa rejeta ya kutobolewa na jiwe.

Faraja tuliipata baadaye, katika mashindano ya magari ya kale yanayopita katika barabara zetu. Waldegård alirudi, akashinda mwaka 2011 kwa 911 akiwa na umri wa miaka 68. Niliposoma habari hiyo niliketi kimya kwa muda.

Mwana_wa_Naivasha aliandika:

Wazee na ndugu zangu, sina neno la kutosha la kuwashukuru. Nimemsomea binti yangu majibu yote, na ile habari ya Preston baba na Preston mwana nimeirudia mara mbili kwa ombi lake. Limebaki lile la Cayenne. Je, ni kweli kwamba kampuni iliuacha urithi wake kwa ajili ya fedha? Na kati ya magari yanayoundwa siku hizi, lipi liko karibu na lile la mwaka 1978?

Mama_Gia alijibu:

Ndugu yangu, mimi ninaiendesha Cayenne, na ninaomba niitetee kwa hoja. Baada ya miaka ya 1980 kampuni hii ilikuwa ikielekea kuzimika. Katikati ya muongo huo iliuza zaidi ya magari 50,000 kwa mwaka, lakini kufikia mwaka wa biashara wa 1992/93 yalikuwa yameshuka chini ya 15,000, kwa sababu dola ya Marekani ilianguka, magari yalikuwa ya gharama kubwa kuyaunda, na kila aina ilikuwa na vipuri vyake visivyofanana na vya nyingine. Wendelin Wiedeking aliposhika uongozi aliwaita washauri Wajapani waliojifunza kazi Toyota, nao wakavunja rafu za vipuri zilizojaa kiwandani na kuwafundisha mafundi wa Ujerumani kupokea kila kipuri wakati kinapohitajika. Boxster na 996 zikaundwa kwa pamoja, zikagawana milango, boneti na taa za mbele. Boxster ndiyo iliyoiokoa kampuni, na Cayenne, iliyotoka mwaka 2002 kwa kushirikiana na Volkswagen, ndiyo iliyoitajirisha.

Bila fedha hizo, sidhani kwamba tungeiona Carrera GT, gari la michezo la mwaka 2003 lenye injini ya V10, au 918 Spyder iliyofuata muongo mmoja baadaye, au hata 911 zenyewe za miaka hii. Panamera ya milango minne ilikuja mwaka 2009, na Macan, jina lenye maana ya chui milia katika lugha za Indonesia, mwaka 2014. Hayo ndiyo magari yanayolipa mishahara katika viwanda vya Zuffenhausen na Leipzig. Ninakubali kwamba Cayenne ni nzito, na wala sitadai kwamba mtu akiiona atasimama barabarani kama alivyosimama marehemu baba yako.

Kuhusu lililo karibu na lile la mwaka 1978, jibu ni rahisi: ni 911 Dakar iliyotangazwa mwaka 2022, iliyoinuliwa, yenye tairi za murram, na iliyopangiwa kuundwa magari 2,500 tu. Kwa mtu wa kawaida hapa Nairobi njia hiyo haipo. Anayetaka gari la michezo lenye jina hili atazame Cayman (ndugu ya Boxster mwenye paa lisilofunguka) au Boxster zinazotoka Japani au Uingereza zenye usukani wa kulia, akikumbuka kwamba sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na kwamba matuta ya mitaa yetu hayamhurumii mtu mwenye gari la chini. Zile za zamani, zinazopozwa kwa hewa, itabidi azitafute miongoni mwa zilizokwisha kuingia nchini, na wenye nazo hawaziachi.

MsomaMagari alijibu:

Ninakubaliana na Mama Gia, nami ninaongeza jambo moja kwa ajili ya binti yako, kwa kuwa yeye ndiye atakayeyaona yajayo. Mwaka 2019 kampuni ilitoa Taycan, gari lake la kwanza la umeme mtupu kuuzwa kwa wateja, na mwaka 2024 Macan mpya ikaingia sokoni ikiwa ya umeme pia. Mwaka huohuo 911 ilipata mota ya umeme kwa mara ya kwanza, lakini si kwa kuchukua nafasi ya injini. Katika toleo la GTS mota moja imewekwa ndani ya giaboksi, na nyingine inaizungusha tabo ili isichelewe tena kuamka, yaani ugonjwa uleule wa mwaka 1975 aliouelezea Fundi. Injini bado ni boksa ya silinda sita, na bado imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma.

Fundi_wa_Boksa alijibu:

Mwana wa Naivasha, kuna mteja anayeniletea 911 SC ya enzi hizo kwa huduma kila baada ya miezi michache. Nimemwomba ruhusa naye amekubali. Mlete binti gereji siku ya Jumamosi asubuhi, nitaiwasha ikiwa baridi, mwingoje nje ya lango kwanza, mpaka muusikie mlio kabla ya kuliona gari.